Gharama ya Upinde wa Kwanza

Hakuna ufundi duniani uanzao na kazi ya pili. Kila fundi, awe mkubwa au mdogo, alianza na kazi ya kwanza, na kazi hiyo aghalabu ilikuwa na kombo. Seremala alikuwa na kiti chake kilichoyumba. Mshonaji alikuwa na kanzu yake iliyopanda bega moja. Mwalimu alikuwa na darasa lake lililotoka bila ya kuelewa neno. Kombo la mwanzo husamehewa, na ni haki lisamehewe, kwa kuwa pasipo msamaha huo ufundi wote ungekoma katika kizazi kimoja. Lakini msamaha haufuti gharama. Kiti kilichoyumba kilikula mbao. Kanzu iliyopanda ilikula kitambaa. Darasa lisiloelewa lilipoteza siku ambayo haitarudi. Kuna aliyelipa. Swali ambalo ni nadra kuulizwa ni hili: gharama ya kujifunza ni ya nani?

Swali hili laweza kuchunguzwa katika kazi nyingi, lakini iko kazi moja ambayo hulionyesha waziwazi, nayo ni kazi ya kuchonga upinde wa kwanza kwa mkono kutoka katika ubao wa mti mgumu. Faida ya mfano huu ni kwamba upinde hauna unafiki. Meza mbovu yaweza kusimama miaka kumi kwa kuegemezwa ukutani. Shairi bovu laweza kusifiwa na marafiki. Lakini upinde mbovu hukatika mbele ya macho ya aliyeutengeneza, tena kwa kishindo, na vipande vyake huruka karibu na uso wake. Kosa na malipo yake hukutana mahali pamoja na saa moja. Katika mambo mengine ya binadamu viwili hivyo huachana mbali sana, na katika umbali huo ndimo dhuluma nyingi hupata makao.

Kazi huanza dukani mwa mbao. Huko Marekani, ambako watu wengi hujifunza ufundi huu kwa kupenda, anayeanza hununua ubao wa mwaloni mwekundu au wa hikori wenye urefu wa futi 6. Huko ubao unaouzwa kwa jina la inchi 1 kwa 2 una unene wa robo tatu za inchi na upana wa inchi moja na nusu. Basi somo la kwanza hupatikana kabla ya msumeno kuguswa: jina ni jambo moja na kipimo ni jambo jingine, na mtu ajengaye juu ya majina hujenga juu ya upungufu. Lakini somo kubwa zaidi limo katika nyuzi za mti. Mti ulipokuwa hai ulikua kwa nyuzi zilizopanda kutoka shinani kwenda kileleni, na nyuzi hizo hazikumwuliza mtu njia. Zilipinda palipokuwa na tawi, zikazunguka palipokuwa na jeraha. Msumeno wa kiwanda haukuzijali. Ulipita kwa mstari ulionyooka, ukakata nyuzi popote zilipokwenda upande. Kwa hiyo ubao waweza kuonekana umenyooka kama mshale ilhali ndani yake nyuzi zinatoka ubavuni kila baada ya shibiri moja. Ubao wa namna hiyo ukipindwa, hupasuka palepale uzi unapotoka, kwa sababu nguvu haifuati umbo la nje bali hufuata njia ya ndani.

Anayechagua kwa hekima hupindua mbao nyingi, akatazama uso na ubavu, akatafuta ule mmoja ambao mstari wa mti na mstari wa msumeno vimepatana kutoka ncha hata ncha. Yamkini katika mbao thelathini asipate hata mmoja. Hapo ndipo gharama ya kwanza inapodai kulipwa, nayo si fedha bali ni subira. Mtu asiyekuwa nayo huchukua ubao ulio karibu, akajiambia kwamba ustadi wa mkono utafunika upungufu wa mti. Haufuniki. Aliyeipokea kazi juu ya msingi alioujua kuwa mbaya amekwisha kuchagua mwisho wake, hata kama mwisho huo utachelewa.

Ubao ukipatikana, huchorwa umbo la upinde: mshiko katikati, na mikono miwili iliyo mipana karibu na mshiko, ikiendelea kuwa myembamba hata kufikia nusu inchi kwenye ncha zake. Upande utakaotazama shabaha huitwa mgongo. Upande utakaomtazama mvutaji huitwa tumbo. Upinde ukivutwa, mgongo hunyumbuliwa na tumbo hubanwa. Mgongo, ambao nyuzi zake hushika mvuto, hauguswi tena kwa chombo chenye makali. Kupunguza kote hufanywa ubavuni na tumboni, kwa randa, kwa tupa, na mwisho kwa kikwaruzo chembamba. Katika miaka ya 1930 wanafizikia wa Marekani, miongoni mwao Clarence Hickman na Paul Klopsteg, walizichunguza pinde kwa vipimo na hesabu, wakaonyesha kwamba mkono bapa hugawa mzigo vizuri kuliko mkono wa mviringo uliotukuzwa na mapokeo ya Uingereza. Kwa ajili hiyo ubao wa kawaida, ambao wazee wa ufundi wangeudharau, waweza kuwa upinde wa kweli.

Lakini katika kupunguza imo sheria kali. Ukipunguza nusu ya upana wa mkono wa upinde, ugumu wake hupungua nusu. Unene hauendi hivyo. Ukipunguza nusu ya unene, ugumu haubaki nusu, bali hubaki sehemu moja katika nane. Ukiondoa sehemu moja tu katika kumi ya unene, umeondoa zaidi ya robo ya ugumu. Mkono hauhisi tofauti hiyo. Kwa kidole, ubao uliotoka na ubao uliobaki ni kama ubao mmoja; kwa upinde, ni viumbe viwili. Tena kilichoondolewa hakirudi. Vumbi lililoanguka sakafuni haliwezi kukusanywa likawa mti, kama neno lililotoka kinywani lisivyoweza kukusanywa likawa kimya. Mambo ya kujenga kwa kuongeza humpa mtu nafasi ya toba: ukuta uliopinda hubomolewa, ukajengwa tena kwa mawe yaleyale. Mambo ya kujenga kwa kupunguza hayana toba ya namna hiyo. Humtaka mtu awe na toba yake mapema, yaani awe na hofu kabla ya kosa badala ya majuto baada yake.

Hatua ifuatayo ndiyo moyo wa kazi, nayo ni kusawazisha mpindo. Upinde hulazwa juu ya mti wa kupimia uliosimama, wenye pengo kichwani na mikato ubavuni kwa kila inchi. Ugwe huvutwa chini kidogo, ukanaswa katika mkato, na mtengenezaji akarudi nyuma hatua kadhaa kutazama. Hatazami uzuri, hutafuta mahali penye dhuluma. Mahali pamoja hapapindi kabisa, pamenyooka kama bakora. Na mahali pa jirani pamepinda kupita kiasi, kwa sababu panabeba mzigo wake na mzigo wa jirani yake. Jicho la anayeanza hukimbilia pale palipopinda sana, naye hudhani kwamba ndipo penye kosa, na aghalabu mkono wake hukwaruza papo hapo. Amemwadhibu aliyeonewa. Kanuni ya ufundi ni kinyume chake: mahali dhaifu hupigwa alama ya kalamu na kuachwa, sehemu ngumu za pande zake ndizo zipunguzwazo, mpaka nazo zikubali kupinda. Kisha upinde huvutwa kidogo mara ishirini au thelathini, kwa kuwa mti hukawia kusema mabadiliko yaliyoupata, na ndipo hutazamwa tena. Na kamwe hauvutwi kupita pale kombo lilipoonekana, mpaka kombo liondoke.

Ni vigumu kuitazama kanuni hii bila ya kuwakumbuka watu. Katika nyumba, kijiji, afisi au taifa, yule aonekanaye ameinama sana si lazima awe ndiye mbovu. Huenda anabeba mpindo wa wale waliokataa kuinama. Mtumishi hulaumiwa kwa uchovu, na hakuna aulizaye ni nani karibu naye asiyeshika kazi. Mtoto mmoja wa nyumba huitwa mkaidi, kumbe ndiye pekee abebaye ugomvi wa wazazi. Upinde humfundisha mtu asitazame palipovunjika peke yake, bali atazame pia pasipojikunja.

Labda itapingwa kwamba fundisho hili ni la hatari. Kwamba kusawazisha kwa kupunguza wenye nguvu ni kuwashusha wote mpaka kimo cha aliye dhaifu. Upinzani huu una haki yake, na jibu lake lisiwe la mkato. Ni kweli kwamba upinde hulipa usawa wake kwa nguvu yake. Aliyekusudia kuchonga upinde wa ratili 50, akakuta mahali dhaifu, hupunguza huku na huku mpaka abaki na upinde wa ratili 35. Lakini ni kwa sababu mti umekwisha kufa. Mahali dhaifu pa ubao hapawezi kulishwa, hapawezi kufundishwa, hapawezi kuponywa. Njia pekee iliyosalia ni kupunguza penginepo. Binadamu si ubao. Udhaifu wake mara nyingi ni njaa, na njaa huondolewa kwa chakula. Ni ujinga, na ujinga huondolewa kwa elimu. Ni ugonjwa, na ugonjwa huondolewa kwa dawa. Atakayewasawazisha watu kwa kupunguza tu, ilhali anaweza kuwaongeza, amewatenda walio hai kama waliokufa. Mfano wa upinde wafaa kwa nusu moja ya haki, ile nusu isemayo kwamba mzigo sharti ugawanywe. Haufai kwa nusu ya pili, isemayo kwamba nguvu yaweza kukuzwa. Kila mfano una mpaka, na mtu mwaminifu huusema mpaka huo mwenyewe kabla hajasemewa na mwingine.

Iko gharama nyingine, nayo hutozwa na kiburi. Anayeanza hutaka upinde mzito. Amesoma kwamba katika merikebu ya Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa kutoka baharini mwaka 1982, zilionekana pinde nzima zaidi ya 130, nyingi zikiwa nzito kupita zile ambazo watu wengi wa leo waweza kuzivuta. Naye hujiona jamaa wa wapiga mishale wale. Basi huamua uzito kabla ya kuusikiliza ubao, na kila ubao unapomwambia kwamba umechoka, huvuta inchi nyingine. Aghalabu ubao haukatiki mara moja. Hufanya jambo la kimya zaidi: nyuzi za tumboni husagika, na upinde ukifunguliwa ugwe haurudi tena kunyooka, bali hubaki umeinama kama mtumwa aliyezoea. Nguvu iliyodaiwa kwa jeuri imepotea kwa sababu ya kudaiwa. Baba wengi wamewafanyia watoto wao hivyo, wakashangaa baadaye kwa nini kijana aliyekuwa na ahadi nyingi amekosa mruko. Ubao husema ukweli wake mapema. Kazi ni kuwa na sikio.

Pamoja na uangalifu wote, upinde wa kwanza mara nyingi huvunjika. Hapo wahenga huja na faraja yao: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii ni njema na ya kweli, lakini husemwa na watu wa aina mbili. Husemwa na mhunzi aliyevunja koleo lake mwenyewe, na kinywani mwake ni ushujaa. Husemwa vilevile na mtu aliyevunja koleo la jirani, na kinywani mwake ni dharau. Daktari mpya hujifunza juu ya mwili ambao si wake. Mwalimu mpya hujifunza juu ya miaka ambayo si yake. Kiongozi mpya hujifunza juu ya nchi nzima, na kosa lake la kwanza laweza kuwa njaa ya watu wasiomjua kwa sura. Hao nao hawana budi kuanza. Hakuna tabibu azaliwaye na mikono ya uzoefu. Lakini wakijifariji kwa methali ya koleo bila ya kuuliza koleo lilikuwa la nani, wamefanya faraja kuwa wizi.

Iko njia ambayo jamii za zamani zilijibu shida hii, na yaonekana hata leo. Kaskazini mwa Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, wako Wahadzabe, ambao miongoni mwao upinde ni chombo cha riziki na mwanamume hujitengenezea wake. Mtoto wa kiume huko hupewa upinde mdogo tangu angali mchanga, kimo chake na nguvu yake vikilingana na mwili wake. Hucheza nao, hukosa ndege, huvunja, hupata mwingine. Kosa lake la kwanza ni dogo kama upinde wake. Afikapo umri ambao kosa laweza kumlaza mtu njaa, amekwisha kukosea mara elfu kwa bei ndogo. Hekima hii haikuandikwa katika vitabu, lakini ni hekima kubwa ya malezi: kwamba jamii haiwezi kuyaondoa makosa ya wanafunzi wake, lakini yaweza kupanga ili makosa ya kwanza yawe madogo, yawe mapema, na yafanyike chini ya macho ya wanaojua. Jamii imwachiayo mtu mzima upinde mzito siku ya kwanza, kisha ikamcheka unapokatika, imekosa kabla yake.

Na achukuliwe mtu mmoja, asiye na haja ya jina. Ni karani katika mji wa Marekani. Ameshika kazi jioni baada ya jioni katika banda la nyuma ya nyumba yake, na ubao wake wa tatu umefaulu kuwa upinde. Wa kwanza ulikatika mshikoni, wa pili uliinama usirudi. Huu wa tatu umesawazika, unavutwa inchi 28 kwa ratili 35, na karani amekwisha kumwahidi mtoto wa dada yake kwamba atampa siku ya kuzaliwa kwake. Usiku wa mwisho, anapousugua kwa msasa mwororo, kidole chake kinapita juu ya mgongo wa upinde na kugusa kitu kama unywele. Huleta taa. Ni ufa mwembamba mno, mahali ambapo uzi mmoja wa mti umetoka ubavuni. Kibanzi kimeanza kuinuka. Hakuna mwingine auonaye. Siku mbili zimebaki.

Ziko njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni kutia gundi ndani ya ufa, kufunga uzi wa kitani uliokazwa juu yake, kupaka rangi, na kunyamaza. Ya pili ni kufanya hayo hayo na kusema. Ya tatu ni kuuweka upinde kando na kwenda mikono mitupu. Ni lazima ifahamike kwamba gundi na uzi si hila. Ni matengenezo ya halali katika ufundi huu, na upinde uliofungwa hivyo waweza kuishi miaka. Kwa hiyo tofauti baina ya njia ya kwanza na ya pili haimo katika mti. Upinde ni uleule, uzi ni uleule, hatari ni ileile. Tofauti imo katika maneno machache yaliyosemwa au yaliyofichwa. Hapo ndipo mtu wa hesabu atauliza: ikiwa kitu hakibadiliki, neno labadilisha nini?

Hubadilisha mwenye hatari. Mtoto aambiwaye kwamba upinde una jeraha huweza kuukataa, au kuuvuta kwa tahadhari, au kuutundika ukutani kwa mapenzi. Hatari imekuwa mbele yake, na kadiri ya umri wake na msaada wa wazee wake, ana fungu katika kuiamua. Mtoto aliyefichwa hana fungu lolote. Yeye huvuta kwa imani, uso wake ukiwa shibiri chache kutoka katika mti, na imani hiyo aliipata kwa mjomba. Hatari ambayo mtu aliijua akamficha mwenzake si bahati mbaya tena itokeapo. Ni tendo la aliyeificha, lililocheleweshwa. Na hata upinde usipokatika kamwe, gharama ya kujifunza kwa mjomba imewekwa shingoni mwa mtoto bila ya idhini yake. Kwamba hakudaiwa hakumaanishi kwamba hakukopewa.

Karani alichagua njia ambayo haimo katika zile tatu. Aliufunga upinde kwa uzi, akaacha uzi uonekane, asiupake rangi. Kisha yeye mwenyewe aliuvuta mara mia, kwanza nusu, halafu wote, uso wake mahali ambapo uso wa mtoto ungekuwa. Siku ilipofika aliuchukua, akamwonyesha mtoto pale palipofungwa.

“Hapa pana ufa,” alimwambia. “Nimeuvuta mara mia haukukatika. Lakini mwanangu, hutauvuta peke yako mpaka nikuchongee mwingine.”

Mtoto aliupapasa ule uzi kwa kidole. “Kwa hiyo huu ni wako, mjomba?”

“Huu ni wangu. Wako bado ni ubao.”

Yamkini mtoto alihuzunika. Huzuni ile ndiyo sehemu ya gharama ambayo haikuweza kuepukwa, na mjomba hakuificha. Lakini alijitwalia sehemu iliyo kubwa: aliuweka uso wake mahali pa hatari kwanza, na alikubali aibu ya kuja na ahadi pungufu. Katika mambo ya kujifunza, hiyo yaweza kuitwa kanuni: mwanafunzi atangulie mwenyewe mahali ambapo kosa lake litaangukia, na pale asipoweza kutangulia, kama daktari asivyoweza kuugua kwa niaba ya mgonjwa, basi asimnyime mwenzake ukweli.

Hata hivyo, ziko gharama ambazo hakuna mwanafunzi awezaye kuzilipa, kwa sababu zililipwa kabla yake. Mnamo Agosti 1911, karibu na mji wa Oroville katika jimbo la California, alitokea mtu mmoja peke yake, amekonda kwa njaa. Alikuwa wa mwisho wa Wayahi, kabila ambalo wahamiaji waliofuata dhahabu walilimaliza kwa mauaji katika karne ya 19. Jina lake hakulisema. Aliitwa Ishi, neno ambalo katika lugha yake maana yake ni mtu. Alikaa katika jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha California huko San Francisco mpaka alipofariki kwa kifua kikuu mwezi Machi 1916. Katika miaka hiyo alimfundisha rafiki yake, daktari wa upasuaji Saxton Pope, jinsi ya kuchonga upinde wa mti wa jamii ya mtarakwa na jinsi ya kuutumia. Pope aliandika kitabu juu ya uwindaji wa upinde mwaka 1923, na kwa kitabu hicho watu wengi wa Marekani waliurudia ufundi uliokuwa karibu kusahauliwa miongoni mwao. Mwaka 1925 alifika hata Tanganyika kuwinda simba kwa upinde, katika nchi ambayo wenyeji wake hawakuwa wameusahau.

Basi karani wa Marekani akwaruzapo ubao wake, mkononi mwake mna fungu la elimu iliyopita katika mikono ya mtu aliyekuwa amewapoteza wote waliomfundisha. Elimu ile haikuuzwa; ilitolewa kwa urafiki. Lakini gharama ya kufika kwake ilikuwa taifa zima. Deni la namna hii halilipiki kwa ubao wala kwa fedha. Hulipwa kwa mambo mawili tu: kukumbuka ni nani aliyelipa, na kuwafundisha wengine bila ya choyo. Mwanafunzi ajidhaniaye kwamba amejifundisha mwenyewe, kwa kuwa alikuwa peke yake bandani, amehesabu siku zake akasahau kuhesabu karne.

Mwaka 1991, katika barafu ya milima ya Alpi, mpakani mwa Italia na Austria, ulionekana mwili wa mtu aliyeishi zaidi ya miaka 5000 iliyopita. Kando yake palikuwa na upinde wa mti wa taksusi, mrefu kiasi cha meta 1.82, kumpita kimo yeye mwenyewe. Upinde ule ulikuwa haujakamilika. Alama za shoka zilikuwa bado juu yake. Katika podo lake mlikuwa na mishale 14, na miwili tu ndiyo iliyokuwa tayari. Miaka kumi baadaye, mwaka 2001, picha za miali zilionyesha chembe ya mshale ndani ya bega lake la kushoto. Mtu aliyekuwa akichonga upinde aliuawa kwa mshale. Halikumfaa jambo kwamba alijua kuchonga. Wala haijulikani kwamba upinde wake, kama ungekamilika, ungalilenga mnyama au mtu. Mti hauulizi. Kwa hiyo wa kuuliza ni yule aushikaye, tena aulize tangu ubao ungali ubao, kwa maana upinde ukikamilika huwa na haraka kuliko fikira.

Gharama ya kujifunza, basi, ni ya wengi. Ni ya mwanafunzi, ailipe kwa subira yake, kwa kiburi chake, na kwa kuwa wa kwanza mahali pa hatari. Ni ya jamii, iilipe kwa kumpa upinde mdogo kabla ya mkubwa. Ni ya waliotangulia, ambao hawakuulizwa, nao hurudishiwa kwa kumbukumbu na kwa ukarimu. Isiwe kamwe ya yule ambaye hakuambiwa. Upinde wa kwanza ukivunjika, ufagiliwe, na ubao mwingine utafutwe. Hakuna aibu ndani yake. Lakini ukifungwa, uzi wake na uachwe uonekane.